Kurudishiwa tozo za bima ya nyumba Florida: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Swali ni lile lile kila wiki: "Bunge la jimbo lilisema tupunguziwe, mbona mimi sijaona hata senti?" Tukikaa na karatasi mezani, mara nyingi tunakuta pesa ilikwisha kutoka. Ilipita kwenye bili bila mwenye nyumba kuitambua, au iliingia kwenye akaunti ya eskro (ile ambamo kampuni ya mkopo huweka pesa zako za kulipia bima na kodi), au hundi ilipelekwa kwenye nyumba ya kupanga aliyohama miaka mitatu nyuma.

Sheria hizi hazimletei mwenye nyumba pesa mlangoni. Huipitisha kwenye mkono wa kampuni ya bima, wa kampuni inayosimamia mkopo, au wa idara ya kodi. Kazi yako ni kujua ni mkono gani ulioipokea, kisha kuufuata huo huo. Wanaoshindwa karibu wote wanafuata mkono usiohusika: wanapiga simu kwa wakala wakati pesa iko kwenye eskro, au wanagombana na benki wakati kosa liko kwenye bili.

Mwongozo huu ni wa wenye nyumba Florida, hasa ndugu zetu wa Jacksonville walionunua nyumba ya kwanza miaka hii ya karibuni. Mwishoni nimeweka sehemu fupi ya Louisiana, kwa kuwa kule utaratibu ulikuwa tofauti.

## Vitu vya kuandaa

Usianze na simu, anza na karatasi. Kusanya hivi:

- Ukurasa wa mbele wa mkataba wa bima, ule ulioandikwa "Declarations" juu. Tafuta wa mwaka huu na wa miaka miwili iliyopita.
- Taarifa ya mwaka ya akaunti ya eskro kutoka kampuni inayosimamia mkopo wako wa nyumba.
- Bili ya karibuni ya mkopo, ile ndefu yenye kurasa za nyuma. Usizitupe hizo kurasa za nyuma, tutazihitaji kwenye hatua ya nne.
- Kitambulisho chenye jina kama lilivyoandikwa kwenye hati ya nyumba.
- Orodha ya anwani zako zote tangu ufike Florida.
- Kalamu mbili za rangi, daftari moja, na simu yenye kikokotoo.

Kama ukurasa wa mbele umepotea, mwombe wakala akutumie nakala kwa barua pepe. Ni haki yako na hulipi chochote. Akikuambia "uko kwenye akaunti yako ya mtandaoni", mwombe akae nawe kwenye simu mpaka uufungue.

## Neno moja, maana tatu

Hapa ndipo wengi wanapoteleza kabla hata ya kuanza. Neno "Assessment" utalikuta kwenye karatasi za aina tatu, na maana yake haifanani.

Kwenye barua ya kaunti, ni thamani ya nyumba yako kwa ajili ya kodi ya majengo. Kwenye barua ya chama cha wenye nyumba au kondo, ni mchango wa ziada wa kutengeneza paa, lifti au bwawa la kuogelea. Kwenye bili ya bima, ni tozo ya jimbo inayokusanywa na kampuni ya bima kwa niaba ya mfuko fulani.

Mwongozo huu unahusu hiyo ya tatu peke yake. Baba mmoja aliniletea barua ya kaunti akiwa na uhakika kwamba anadaiwa tozo ya bima ya dola laki mbili na kitu. Ilikuwa thamani ya nyumba yake. Usiku ule alikuwa hajalala.

## Hatua ya 1: Tenga ada na tozo

Weka ukurasa wa mbele mezani. Tafuta jedwali la malipo, ambalo mara nyingi liko nusu ya chini au ukurasa wa pili. Piga mstari wa buluu chini ya ada yenyewe ya bima, ile iliyoandikwa "Premium". Piga mstari mwekundu chini ya kila kilichoongezwa au kupunguzwa baada yake.

Kwa nini rangi mbili? Kwa sababu asilimia zote hukokotolewa kutoka kwenye ada, si kutoka kwenye jumla. Anayeanzia kwenye jumla hupata jibu lisilolingana na bili, akadhani ameibiwa, akaandika malalamiko ambayo hayataenda popote.

Mistari myekundu utakayoikuta kwa kawaida ni hii.

FIGA. Huu ni mfuko wa Florida unaolipa madai ya wateja wa kampuni za bima zilizofilisika. Unaendeshwa kwa tozo zinazopitia kwenye bili zetu. Kampuni ya United Property & Casualty ilipowekwa mikononi mwa mfilisi Februari 2023, jimbo liliidhinisha tozo ya dharura ya asilimia 1 kwa mikataba iliyoanza au kuhuishwa kuanzia Oktoba 1, 2023. Kiwango cha FIGA hupanda, hushuka na hukoma kwa agizo la ofisi ya jimbo inayosimamia bima. Kwa hiyo usitumie kiwango cha jirani yako. Tumia kile kilichokuwa kinatumika siku mkataba wako ulipoanza.

EMPA. Hii ni dola 2 kwa mwaka kwa bima ya nyumba ya kuishi, kwa ajili ya maandalizi ya maafa. Bima za biashara hutozwa dola 4. Ukiona 4 kwenye nyumba unayolala, tatizo si zile dola mbili za ziada. Ni dalili kwamba mkataba wako umeandikwa kama wa biashara, na hilo linaweza kukuumiza vibaya siku ya kimbunga. Lirekebishe kabla ya jambo lingine lolote.

Tozo za Citizens au za mfuko wa vimbunga. Citizens ni kampuni ya bima ya jimbo, kimbilio la mwisho kwa anayekataliwa kwingine. Yenyewe na mfuko wa vimbunga zikipungukiwa baada ya msimu mbaya, sheria inaruhusu wenye bima watozwe, hata wasio wateja wa Citizens. Tozo zilizotokana na vimbunga vya 2004 na 2005 zilikoma mwaka 2015. Ukikuta mstari wa aina hii leo, uliza swali moja tu: unatokana na agizo la tarehe gani?

Ulipofaulu: una namba moja ya buluu na orodha fupi ya namba nyekundu, na unaweza kumweleza mwenzako mezani kila moja ni ya nini.

## Hatua ya 2: Tafuta sheria inayokuhusu, kisha piga hesabu

Sheria ambayo watu wengi wanaiuliza ni HB 7073, iliyosainiwa na Gavana Ron DeSantis Mei 2024. Kampuni za bima huilipa Florida kodi ya asilimia 1.75 ya ada wanazokusanya, na kodi hiyo hatimaye tunaibeba sisi. Kwa mwaka mmoja, Bunge liliamuru kampuni zikate kiasi hicho kwenye bili ya mteja, kisha zenyewe zifidiwe kwenye kodi zao.

Masharti ya kuangalia ni mawili. Kwanza, mkataba uwe wa bima ya nyumba ya kuishi, au wa bima ya mafuriko. Pili, uwe wa miezi 12 na uwe umeanza kati ya Oktoba 1, 2024 na Septemba 30, 2025. Angalia tarehe ya kuanza kwa mkataba, si tarehe uliyolipa. Ndugu mmoja alilipa Oktoba mkataba ulioanza Septemba 2024, akakosa punguzo kwa siku nane. Hapo hakuna cha kudai.

Kwa bima ya nyumba, sheria hiyo iliondoa pia tozo ya mkuu wa zimamoto wa jimbo. Kwa hiyo unatafuta vitu viwili: punguzo la asilimia 1.75, na mstari wa zimamoto uliofutwa au kurudishwa.

Hesabu ni nyepesi. Tuseme ada yako ni dola 2,400:

- Punguzo: 2,400 × 0.0175 = dola 42.
- FIGA kwa asilimia 1: 2,400 × 0.01 = dola 24.
- EMPA: dola 2.

Linganisha namba zako na mistari myekundu. Tofauti ya senti chache ni ya kukadiria, iache. Tofauti ya dola kadhaa, izungushie duara.

Onyo. Punguzo hili halina fomu ya mwenye nyumba kujaza. Kampuni ndiyo iliyoamriwa kulikata. Yeyote anayekuuzia fomu, anayekuambia "nitakudaia, tugawane nusu", au anayetaka namba yako ya hifadhi ya jamii (Social Security) kwa ajili ya dola 42, mfungie mlango. Tena usisaini karatasi ya kumpa fundi au mtu mwingine mamlaka juu ya malipo ya bima yako. Florida ilipiga marufuku kuhamisha haki hizo kwa mikataba ya bima ya nyumba iliyotolewa kuanzia Januari 1, 2023.

Bima ya mafuriko ya serikali kuu, NFIP, ina makato yake tofauti. Nitaitaja kwa sababu hapa ndipo nimeona pesa kubwa ikipotea kuliko kote. Nyumba unayoishi mwenyewe hukatwa nyongeza ya dola 25 kwa mwaka. Nyumba usiyoishi hukatwa dola 250. Mtu akinunua nyumba huku leseni ya udereva ingali na anwani ya zamani, mara nyingine huandikwa kama haishi pale. Ukiona 250 na wewe unalala hapo hapo, mpelekee wakala leseni yenye anwani mpya au bili ya umeme, na umwombe arekebishe kwa maandishi. Hizo ni dola 225 kwa mwaka.

## Hatua ya 3: Iandikie kampuni ya bima

Simu haiachi alama. Andika barua pepe au barua ya posta, fupi, yenye mambo haya kwa mpangilio huu:

1. Jina lako kama lilivyo kwenye mkataba, anwani ya nyumba, na namba ya mkataba.
2. Tarehe ya kuanza na ya kuisha kwa mkataba.
3. Mstari mmoja unaouulizia, na kiasi ulichokikuta.
4. Hesabu yako mwenyewe, imeandikwa wazi.
5. Ombi: waonyeshe walivyofikia kiasi chao, na kama kuna tofauti, waseme itarudishwa kwa nani na lini.

Hilo la tano ndilo linalobeba barua nzima. "Kwa nani" ndiyo itakayokuambia kama pesa inakuja kwako au inaenda eskro. Ukiliacha, utajibiwa "imekwisha rekebishwa" na utabaki unasubiri kitu ambacho hakiji kwako.

Usichanganye malalamiko. Barua inayozungumzia tozo, na ada kupanda, na mkaguzi wa paa aliyekuja kwa dharau, itajibiwa kwa kipengele kimoja rahisi na mengine yatasahauliwa. Jambo moja, barua moja.

Andika kwa Kiingereza chepesi. Kama Kiingereza kinakusumbua, mwombe kijana wa nyumbani akuandikie, lakini namba zikague mwenyewe.

Ulipofaulu: una jibu la maandishi lenye kiasi, tarehe na jina la atakayelipwa.

## Hatua ya 4: Fuata pesa ndani ya eskro

Nakaa hapa kwa muda, maana robo tatu ya bahasha ninazofungua huishia hapa.

Ukiwa na mkopo wa nyumba, kuna uwezekano mkubwa kwamba hulipi bima mwenyewe. Kila mwezi unalipa kiasi kimoja. Sehemu inakwenda kwenye mkopo, na sehemu inawekwa kwenye akaunti ya eskro. Kampuni inayosimamia mkopo inachukua humo kulipa bima na kodi ya kaunti. Sasa bima ikipungua kwa dola 42, aliyelipa pungufu ni eskro. Wewe huoni kitu mpaka akaunti ikaguliwe.

Ukaguzi hufanyika mara moja kwa mwaka, na kanuni za serikali kuu zinaeleza kinachofuata:

- Kampuni inaweza kushikilia akiba isiyozidi moja ya sita ya malipo ya mwaka, yaani miezi miwili. Bima ikiwa 2,400 na kodi ya kaunti 1,800, jumla ni 4,200, na akiba isizidi 700.
- Ziada ikiwa dola 50 au zaidi, na uko sawa na malipo yako, yaani hujachelewa kulipa, inapaswa kurudishwa kwako ndani ya siku 30 baada ya ukaguzi.
- Ikiwa chini ya dola 50, wanaweza kukurudishia au kuipunguza kwenye malipo ya mwaka unaofuata.

Umeona ilipo dola 42? Peke yake haifiki 50. Wanaruhusiwa kuiyeyusha kwenye malipo ya mwezi, dola tatu na nusu kila mwezi, na usingeitambua. Haijaibiwa, imerudi kwako kwa mlango wa nyuma. Mtu aliyeelewa hivyo analala vizuri, na mtu asiyeelewa anapiga simu miezi sita.

Chukua taarifa ya mwaka ya eskro. Tafuta mstari wa malipo ya bima na uulinganishe na jumla ya ukurasa wa mbele. Lazima zifanane. Zisipofanana, uliza.

Jinsi ya kuuliza kwa nguvu ya sheria. Pindua bili ya mkopo. Nyuma kuna anwani ya pekee ya kupelekea maswali na taarifa za makosa. Andika kwenye anwani hiyo hiyo. Usiandike ujumbe kwenye kile kipande cha bili unachokikata na kuambatanisha na malipo, maana kwa mujibu wa kanuni ujumbe huo hauhesabiki. Barua yako ikifika kwenye anwani sahihi, wanatakiwa kukuthibitishia kupokea ndani ya siku 5 za kazi, na kukujibu ndani ya siku 30 za kazi. Wanaweza kuongeza siku 15 wakikuarifu kabla muda haujaisha.

Usiache kulipa mkopo kwa sababu ya mgogoro wa eskro. Hata dola moja pungufu inaweza kukuondoa kwenye orodha ya walio sawa na malipo, na haki ya kurudishiwa ziada ikaondoka nayo.

Ulipofaulu: mstari wa bima kwenye eskro unalingana na ukurasa wa mbele, na unajua kama ziada imetumwa kwa hundi au imeingizwa kwenye malipo mapya ya mwezi.

## Hatua ya 5: Hundi ikifika, isome kabla ya kufurahi

Mama mmoja jirani alifungua Biblia yake mbele yangu akatoa bahasha yenye dirisha la plastiki. Ndani mlikuwa na hundi ya dola 38.16. Aliihifadhi humo karibu miaka miwili akidhani ni tangazo, kwa kuwa barua za matangazo huku nazo hufanana na hundi. Chini ya sahihi palikuwa na herufi ndogo: haifai baada ya siku 180.

Kwa hiyo soma mambo matatu.

Tarehe. Hundi nyingi za marejesho hufa baada ya siku 90 au 180. Ikifa, pesa bado ni yako. Iandikie kampuni ikutolee nyingine.

Majina. Kati ya majina mawili pakiwa na neno la "na", wote wawili lazima wasaini nyuma. Pakiwa na neno la "au", mmoja anatosha. Jina la kampuni ya mkopo likiwemo pamoja na "na", wasiliana nao kwanza kuhusu utaratibu wao wa kusaini. Usijaribu kuiweka benki peke yako.

Imetoka wapi. Hili ni muhimu mno ukihama kampuni ya bima katikati ya mwaka. Kampuni ya zamani hurudisha ada ya siku ambazo hazijatumika, na mara nyingi humtumia mwenye nyumba hundi ingawa aliyelipa ni eskro. Eskro nayo imekwisha kulipa kampuni mpya. Ukizila pesa hizo, ukaguzi unaofuata utaonyesha upungufu, na malipo yako ya mwezi yatapanda. Nimeona familia iliyonunua friji kwa hundi ya namna hii, halafu ikapata barua ya nyongeza ya zaidi ya dola mia moja kwa mwezi. Ipeleke hundi eskro, na uambatanishe barua inayosema ni marejesho ya bima ya anwani fulani, ya mkataba namba fulani.

## Hatua ya 6: Mkataba uliokatwa, au kampuni iliyofilisika

Ukiuza nyumba au ukibadili kampuni, hesabu mwenyewe unachostahili. Ada 2,400, mkataba umetumika siku 146, zimebaki 219. Gawa 219 kwa 365 upate 0.6. Zidisha na 2,400 upate dola 1,440. Ukikata wewe mwenyewe, kampuni nyingine hupunguza kidogo kwenye kiasi hicho. Angalia kipengele cha kukatisha mkataba.

Waombe wakuonyeshe pia hesabu ya tozo kwa siku zilizobaki. Watu hukumbuka ada wakasahau mstari mwekundu.

Ukimaliza mkopo wote, baki la eskro linatakiwa kukufikia ndani ya siku 20 za kazi.

Kampuni ikifilisika, fuata FIGA, si wakala wa zamani. FIGA hushughulikia madai ya nyumba hadi dola 300,000, na nyongeza ya hadi 200,000 kwa jengo na vilivyomo. Inashughulikia pia ada ambayo siku zake hazijatumika. Sheria inakata dola 100 za kwanza za dai.

La haraka kuliko marejesho ni kupata bima nyingine. Kwa kawaida mikataba ya kampuni iliyofilisika hufa siku 30 baada ya amri ya mahakama. Wateja wa United Property & Casualty walikuwa na bima mpaka Machi 29, 2023, basi. Ukikaa bila bima, kampuni ya mkopo itakununulia yake, na hiyo ni ghali na inakinga kidogo.

## Hatua ya 7: Wakikukatalia au wakinyamaza

Kwa kosa la bima, nenda kwenye idara ya huduma za fedha ya Florida, kitengo cha wateja. Simu yao ni 1-877-693-5236. Peleka ukurasa wa mbele, barua yako na jibu lao. Sema tangu mwanzo kwamba unahitaji mkalimani wa Kiswahili, na utaje Kiswahili cha wapi. Mkalimani wa Mombasa na mzee wa Uvira wanaweza kusumbuana kwenye maneno ya pesa, na si kosa la yeyote kati yao.

Kwa kosa la eskro, nenda kwa CFPB, ofisi ya serikali kuu ya ulinzi wa watumiaji wa huduma za fedha, simu 855-411-2372. Hawa wana wakalimani wa simu wa lugha zaidi ya 180.

Usipeleke malalamiko ya eskro kwenye idara ya jimbo, wala ya tozo kwa CFPB. Kila upande utakurudisha kwa mwenzake, na wiki zitakwenda.

## Hatua ya 8: Tafuta pesa za zamani

Hundi zisizochukuliwa hazibaki kwa kampuni milele. Baada ya muda hukabidhiwa jimbo kama mali isiyodaiwa. Fungua FLTreasureHunt.gov, andika jina lako, na utazame. Kudai ni bure na hakuna mwisho wa muda. Kama uliishi jimbo jingine kabla ya Florida, jaribu pia MissingMoney.com, inayokusanya majimbo mengi.

Sasa sikiliza vizuri kuhusu majina, kwa sababu hapa ndipo sisi tunapotea. Majina yetu yalipitia kambini, uwanja wa ndege na ofisi ya hifadhi ya jamii, na kila mahali palikuwa na mwandishi wake. Jina la ukoo liliwekwa mbele, la ubatizo likawa la katikati, Rashidi akawa Rashid, Mwajuma akawa Mwanjuma. Aliyekuwa na jina moja tu aliandikiwa FNU, yaani "jina la kwanza halijulikani", mbele yake. Tafuta kila sura ya jina lako, moja moja, kisha geuza mpangilio na utafute tena. Tafuta na la marehemu kama nyumba ni ya urithi.

Yule mama wa hundi ndani ya Biblia hatukumpata kwa jina la kwenye leseni. Tulimpata tulipogeuza majina mawili ya mwanzo, kwenye anwani ya fleti yake ya kwanza. Pamoja na zile dola 38.16 palikuwa na rejesho jingine la amana ya umeme ambalo hakujua lipo.

Ulipofaulu: una namba ya dai, umepakia kitambulisho na uthibitisho wa anwani ya zamani, na umeandika tarehe daftarini.

## Kwa walio Louisiana

Florida ilirudisha kupitia bili. Louisiana ilipitia kodi ya mapato. Vimbunga Katrina na Rita vya 2005 viliiacha kampuni ya bima ya jimbo, Louisiana Citizens, na deni kubwa, na wenye nyumba wote wakatozwa. Desemba 2006 Bunge lilipitisha nafuu ya kodi: ulichotozwa, unakidai. Aliyetaka kukidai bila kusubiri ritani ya mwaka (fomu ya kodi ya mapato), au asiyekuwa na ritani ya kuwasilisha, alijaza fomu R-540INS na kuambatanisha ukurasa wa mbele wa bima. Mwanzoni nafuu ilikuwa asilimia 100, mwaka 2015 ikashushwa hadi 72, baadaye 25. Mlango huo sasa umefungwa.

Wengi walioikosa walikuwa na haki kamili. Walitupa ukurasa wa mbele, au waliamini wakala ndiye atakayewadaia. Kwa kawaida Louisiana humpa mlipakodi miaka mitatu, kuanzia mwisho wa mwaka ambao kodi ilipaswa kulipwa, kudai rejesho. Kwa hiyo tunza kurasa za mbele za bima pamoja na ritani za mwaka ule ule, kwenye bahasha moja, na uandike mwaka juu kwa kalamu nene.